Je, mto uliochafuliwa unaweza kupona?
Maelezo kwa familia zilizohamishwa za Mutoshi na Kolwezi, na kwa viongozi wao



Mtu akihamishwa, kwanza hutafuta mahali pa kulala, kisha maji. Katika eneo la Kolwezi jambo hilo la pili limekuwa gumu kuliko la kwanza. Familia inaweza kupata kiwanja, ikasimamisha nyumba ya matofali mabichi na mabati machache, lakini ikishuka mtoni na ndoo inakuta maji ambayo hayafai kunywa, kufulia wala kumwagilia lengalenga. Ndiyo maana mikutano mingi juu ya fidia, hata ikianza na mambo ya nyumba na mashamba, huishia kwenye swali la maji: je, mto huu utarudi kuwa mto? Na ukirudi, nani ataruhusiwa kukaa kando yake?

Katika makala hii tunaeleza jinsi mto unavyougua, jinsi unavyotibiwa, na fedha za matibabu zinapotoka kwa mujibu wa sheria ya nchi yetu. Tunaeleza pia jambo ambalo wataalamu wa mazingira husahau mara nyingi, kwamba kazi ya kuponya mto yenyewe inaweza kuleta ugomvi, na hata kuhamisha watu kwa mara ya pili.

Maji ya Mutoshi yalianza kuugua lini?

Mutoshi si mgodi wa jana. Zamani uliitwa Ruwe, na ulikuwa miongoni mwa migodi ya kwanza kuchimbwa upande huu wa Katanga, wakati wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Mwaka 1967 mali za kampuni hiyo zilichukuliwa na Serikali, nayo Gécamines ikaendelea na kazi. Mawe ya Mutoshi yalisagwa na kuoshwa kwa maji mengi. Shaba ilibaki kiwandani, na tope lililobaki likateremka kwenye bonde la mto Kulumaziba. Tope hilo liko pale hadi leo, na wachimbaji wadogo, krezeri kama tunavyowaita, wanajua kwamba bado lina madini ndani yake.

Upande wa pili wa mji mambo yalikuwa makubwa zaidi. Kiwanda cha kusafishia mawe cha Kolwezi kilipeleka mabaki yake kwenye bwawa la Kingamyambo na kwenye bonde lote la mto Musonoie. Wapimaji wa madini walikadiria kwamba sehemu hizo mbili zilikuwa na mabaki ya tani zaidi ya milioni 110. Mwaka 1960 kikafunguliwa kiwanda cha Luilu, kinachoyeyusha shaba na kobalti kwa asidi, na mto Luilu ukapokea maji yake machafu kwa miaka mingi. Mito hii yote hatimaye huingia katika Lualaba, ambao ndio mwanzo wa mto mkubwa wa Kongo. Kwa hiyo takataka ya Kolwezi haibaki Kolwezi. Inashuka kuelekea Bukama na maziwa ya Upemba na Kisale, ambako kuna wavuvi ambao hawajawahi kuona mgodi kwa macho yao.

Tunayataja ya zamani kwa sababu yanarudi katika kila mazungumzo. Mkaaji akilalamika, kampuni ya leo hujibu kwamba takataka ni ya zamani, ya Gécamines. Gécamines nayo inaweza kusema kwamba kibali kiko mikononi mwa mwingine. Majibu yote mawili yana ukweli fulani. Lakini mama mwenye ndoo hawezi kunywa majibu hayo.

Asidi ni nini, na kwa nini maji masafi kwa macho yanaweza kuwa na sumu?

Hili tulieleze polepole, maana limewadanganya watu wengi.

Maji yana kipimo kinachoitwa pH, ambacho shuleni tulikitamka "pe-hashi". Kinaanzia sifuri hadi 14. Maji ya kawaida huwa karibu na 7, na maji ya kunywa kwa desturi hutakiwa kuwa kati ya 6.5 na 8.5. Kipimo kikishuka chini ya hapo, maji yana asidi. Kila hatua moja ya kushuka ni mara kumi, si mara moja. Maji yenye pH ya 4 yana asidi mara kumi kuliko yenye 5, na mara elfu kuliko yenye 7. Mwaka 2012 mashirika mawili ya makanisa ya Uswisi, Bread for All na Fastenopfer, yalitangaza kwamba maji yaliyokuwa yakitoka kiwanda cha Luilu kuelekea mtoni yalipimwa na kukutwa na pH ya 1.9. Hiyo ni asidi kuliko siki. Kampuni ya Glencore, iliyokuwa ikisimamia kiwanda wakati ule, ilisema ilirithi kiwanda cha zamani na kwamba ilikuwa imechukua hatua za kuzuia maji hayo.

Asidi ina kazi mbili mbaya. Kwanza inachoma: ngozi ya mtoto anayeogelea, matamvua ya samaki, mizizi ya mimea. Pili inayeyusha madini yaliyomo katika mawe na tope, kama vile shaba, kobalti, manganizi, na mahali pengine urani, na kuyabeba ndani ya maji kama chumvi inavyobebwa ndani ya mchuzi. Huwezi kuyaona. Hata maji yenye asidi nyingi yanaweza kuonekana meupe, yaani mazuri kwa macho, kwa sababu hakuna majani wala wadudu wanaoishi ndani yake. Mto ulio safi kupita kiasi, usio na ukoka wala chura, ni wa kuogopa kuliko ule wa kahawia wenye vyura wanaopiga kelele.

Kuna jambo moja ambalo tunaomba kila mkuu wa mtaa alitangaze: kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara, lakini hakuondoi madini. Maji yakichemka kwa muda mrefu hupungua na madini hubaki, kwa hiyo sumu inazidi kidogo. Dawa ya klorini nayo haiondoi shaba wala kobalti. Kwa maji ya mto ulio chini ya kiwanda, dawa ya nyumbani haipo. Itafutwe chemchemi nyingine, kisima kilichopimwa, au gari la maji.

Watu wa Kolwezi wamesema nini?

Machi 2024 mashirika ya RAID ya Uingereza na AFREWATCH ya Lubumbashi yalitoa ripoti juu ya maji karibu na migodi mikubwa ya Kolwezi. Yalizungumza na watu 144 katika vijiji 25. Karibu wote walisema mavuno ya mashamba yameshuka kwa sababu ya maji machafu. Asilimia 56 walisema uchafuzi umeleta magonjwa ya uzazi kwa wanawake na wasichana. Makampuni yaliyotajwa hayakukubali yote, lakini sauti za wanawake wale zilisikika nje ya nchi.

Kabla ya hapo wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walikuwa wamepima mkojo na damu ya wakaaji. Utafiti wao wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mwilini, na ule wa mwaka 2018 ulionyesha hivyo hivyo kwa watoto wa Kasulo, ndani ya mji wa Kolwezi. Vumbi lilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hili. Maji na mboga pia vina sehemu yao.

Kuna na hasara ambayo haipimwi maabara. Samaki wa mto wakiisha, familia hununua tomson wa barafu kutoka ng'ambo au makayabu, na bukari huliwa na kitoweo kidogo kuliko zamani. Baba aliyekuwa mvuvi anakuwa mnunuzi wa samaki, au anashuka shimoni.

Kuhusu Mutoshi yenyewe, wengi wenu mnaijua habari ya Mukumbi kuliko sisi. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kolwezi liitwalo IBGDH, iliyotoka Septemba 2023, inaeleza kwamba makazi ya Mukumbi, karibu na mradi wa Mutoshi, yalichomwa na wanajeshi mwezi Novemba 2016. Kampuni ya Chemaf ilikana kuhusika. Baada ya maandamano ya wahanga, mwaka 2019 ilikubali kutoa dola milioni 1.5 kupitia wakuu wa serikali za mahali, lakini kuna waliosema walipata dola 300 tu. Tunaitaja habari hii katika makala ya maji kwa sababu aliyefukuzwa Mukumbi alipoteza pia haki yake ya kusema "mto wetu". Akienda mkutanoni leo kudai mto utengenezwe, anaweza kuulizwa: wewe unakaa wapi?

Mto hutibiwa namna gani?

Madaktari wa mito duniani kote wanakubaliana juu ya utaratibu. Kwanza zuia uchafu unaoingia. Baada ya hapo shughulika na tope lililolala chini. Mwisho rudisha makao ya viumbe: matete, mafunjo, miti ya kando, mahali pa samaki kutagia mayai. Ukianza na mwisho, yaani ukipanda miti na kuweka samaki wakati bomba la kiwanda bado linamwaga, umetupa fedha mtoni. Hata hivyo hiki ndicho kinachopendwa na wakubwa, maana kupanda mti kunapigwa picha nzuri.

Kuzuia kunafanywa kwa chokaa. Maji ya kiwanda huchanganywa na chokaa mpaka asidi iishe, nayo madini huganda na kutua chini kama tope. Shaba hutua mapema. Kobalti ni ngumu zaidi, inahitaji chokaa nyingi kuliko hiyo. Katanga haina haja ya kuagiza chokaa kutoka mbali: mawe yake yamechimbwa Kakontwe, karibu na Likasi, kwa ajili ya viwanda tangu zamani. Kinachokosekana mara nyingi ni bwawa lililojengwa vizuri la kuwekea lile tope, na mtu wa kulichunga usiku wakati wa mvua. Februari 18, 2025 bwawa la kampuni ya Sino-Metals Leach lilibomoka Chambishi, Zambia, na asidi ikaingia mto Kafue. Mji wa Kitwe, wenye watu wapatao 700,000, ulifungiwa maji. Serikali ya Zambia ilimwaga chokaa mtoni kwa ndege ili kupunguza asidi. Hiyo ilikuwa huduma ya kwanza tu, kama kumfunga bendeji aliyekatwa.

Tope la zamani lina njia mbili. Ya kwanza ni kuliondoa. Katika bonde la Musonoie kazi hii inaendelea kwa sababu ina faida: tangu mwaka 2018 mradi wa Metalkol unachukua tena mabaki ya Kingamyambo na ya bonde hilo, unayasafisha upya kutoa shaba na kobalti, kisha unayaweka mahali pengine. Hivyo biashara inaweza kufanya sehemu ya kazi ya kuponya. Lakini biashara husimama bei ya kobalti ikianguka, na huchukua lile tope lenye madini mengi kwanza. Lisilo na faida hubaki kwa Serikali.

Habari ya Kasese, Uganda, inafanana sana na hii. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifanya kazi tangu 1956 hadi 1982, ukaacha lundo la karibu tani milioni moja lenye kobalti na salfa. Kila mvua iliponyesha, asidi ilitoka kwenye lundo, ikapita katika mbuga ya Queen Elizabeth na kuua majani yote njiani, ikielekea ziwa George, lenye wavuvi wengi. Kuanzia 1999 hadi 2013 Kasese Cobalt Company ililifanyia kazi lundo hilo, nalo likaondoka. Kuna jambo jingine la kujifunza hapo. Kwa miaka yote hiyo kinamasi cha mafunjo kaskazini mwa ziwa kilikuwa kikishika sehemu ya madini kabla hayajafika kwenye maji ya wavuvi. Hakuna aliyekijenga. Ziwa George liliandikwa mwaka 1988 kama eneo la kwanza la Uganda katika mapatano ya dunia ya kulinda ardhi oevu. Sisi tuna dembo zetu. Kila dembo inayojazwa kifusi ili kujengwa nyumba au barabara ni chujio lililoziba.

Njia ya pili ni kuliacha tope mahali lilipo na kulifunika kwa mimea isiyoogopa shaba. Katanga ina utajiri ambao nchi nyingi hazina: mimea iliyozoea milima ya shaba tangu kale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walijaribu huko Penga Penga, Lubumbashi, kwenye udongo ulioungua na moshi wa kiwanda, kupanda majani madogo yaitwayo Microchloa altera baada ya kuweka chokaa na mbolea ya asili. Yalishika. Majani hayo hayaondoi shaba. Yanaifunga udongoni ili upepo usiipeleke nyumbani na mvua isiipeleke mtoni. Kwa hiyo mahali pa namna hii pasilimwe mboga. Dembo nzuri yenye tope la mgodi ni shamba baya, hata kama lengalenga zake ni nene.

Inachukua muda gani? Tuseme kweli. Mto Cuyahoga wa Marekani uliwaka moto mwaka 1969 kwa sababu ya mafuta na takataka za viwanda. Samaki wake walitangazwa kuwa salama kuliwa mwaka 2019, na si kila siku, mara moja kwa mwezi. Mwaka 1987 Marekani na Kanada ziliorodhesha sehemu 43 mbovu za maziwa yao makubwa, na tangu 2010 serikali ya Marekani imetoa fedha nyingi kwa ajili hiyo kila mwaka. Sehemu nyingi bado hazijatolewa katika orodha. Lakini kila sehemu ilipewa kamati ya wakaaji, na kila kamati ina orodha ya vipimo inayosema mto utahesabiwa umepona ukifikia nini. Hilo la orodha ndilo tunalolipenda kuliko hesabu ya dola. Bila orodha, kila gavana atakayekuja atatangaza kwamba mto umepona.

Fedha ziko wapi?

Viongozi wengi hudhani kwamba kazi kama hii haiwezekani bila mfadhili wa kigeni. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema vingine.

Kampuni ikilipa mrabaha wa madini, yaani redevansi minière, kila dola 100 hugawanywa hivi: 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa wilaya au usultani ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN. Kiwango cha mrabaha kwa shaba ni asilimia 3.5. Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya pekee mwishoni mwa 2018, na kiwango chake ni asilimia 10. Kwa jimbo kama Lualaba hizi si fedha ndogo. Zile 15 na zile 25 zinaweza kulipa maabara ya maji, chokaa, visima na vitalu vya miti, kama baraza likiamua na kuandika katika bajeti. Kama halikuandika, zitajenga lango la mji na mizunguko ya barabara.

Tena kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa na mgodi. Mauzo yakiwa dola milioni 100, hiyo ni dola 300,000. Kamati inayosimamia fedha hizo ina wajumbe wa jamii. Pia kuna cahier des charges, mkataba kati ya kampuni na jamii, ambao hutiwa sahihi na wote wawili. Kisima kikiandikwa humo, kina mahali, tarehe na gharama. Kando ya hayo kuna dhamana ya fedha ambayo kampuni huweka kwa ajili ya kutengeneza mazingira wakati mgodi unapofungwa.

Sisi tuna wasiwasi juu ya jambo moja. Fedha ya asilimia 0.3 ni ya maendeleo: shule, zahanati, barabara. Kampuni isiruhusiwe kuitumia kusafisha uchafu wake yenyewe. Anayemwaga maziwa ya jirani hawezi kulipa kwa fedha ya jirani. Sheria inamwajibisha mwenye kibali kwa madhara aliyoyaleta, na sheria ya mazingira ya mwaka 2011 na ya maji ya mwaka 2015 zinaongeza nguvu. Serikali inaweza kuchukua hatua ikitaka: Novemba 2025, maji ya asidi kutoka bwawa la Congo Dongfang Mining yalipoingia mitaa ya Lubumbashi, waziri wa madini Louis Watum Kabamba aliisimamisha kampuni kwa miezi mitatu. Kwa takataka ya zamani isiyo na mwenyewe, hapo ndipo mfuko wa Serikali unapohitajika kweli.

Kuponya mto bila kumfukuza mtu

Sasa tufike kwenye jambo la amani.

Mto ukianza kutengenezwa, kingo zake zinapata thamani. Mtu aliyelima pale bila karatasi kwa miaka 20 anaitwa mvamizi. Februari 2020, kwa mujibu wa ripoti ile ile ya Amnesty na IBGDH, wakulima waliokuwa karibu na mradi wa Metalkol walifukuzwa na mashamba yao kusawazishwa kwa tingatinga mbele ya askari. Kampuni ilisema haikuwa na amri juu ya askari hao. Kumbukeni kwamba huu ni mradi uleule wa kuondoa tope bondeni.

Nairobi walipata somo la namna hiyo. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, serikali ya Kenya iliamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 za mito waondoke. Nyumba za Mathare na Mukuru zilibomolewa, na familia ziliahidiwa shilingi 10,000. Nia ya kulinda mto na maisha ya watu haikuwa mbaya. Lakini aliyebomolewa nyumba wakati wa mvua hawezi kuupenda mto huo, na vijana wake hawatautunza.

Kwetu kuna makundi manne ambayo mto unayagombanisha. Krezeri huosha mawe mtoni na kutia tope jipya. Wanawake hufua na kuchota hapo hapo chini yao. Wakulima wa dembo wanataka maji yasizuiwe. Familia zilizohamishwa zinaonekana na wote watatu kuwa ni wageni. Mutoshi ilipata kuona, kati ya 2018 na 2020, jaribio la krezeri wa ushirika wa COMIAKOL kufanya kazi ndani ya eneo lililozungushiwa uzio, kwa mpango wa Chemaf, Trafigura na shirika la Pact. Jaribio lilisimama wakati wa korona. Lilionyesha kwamba krezeri wakipewa mahali na masharti wanaweza kuyafuata. Mahali pa kuoshea mawe, mbali na mto, penye shimo la kutulizia tope, pangeondoa nusu ya ugomvi huu. Ni kazi ndogo kuliko kiwanda cha chokaa, na baraza la mahali linaweza kuigharimia.

Kabla mradi wowote wa mto haujaanza, tunawaomba viongozi wafanye hesabu ya watu wote wanaotumia ule mto, wenye karatasi na wasio nazo, wa zamani na waliohamia, pamoja na waliofukuzwa ambao sasa wanakaa kwingine. Orodha isomwe hadharani, kwa Kiswahili, mara mbili, ili aliyesahauliwa ajitokeze. Siku ya kusoma isiwe siku ya soko. Na kazi za mradi, kama kuchimba mifereji, kupanda matete na kuchunga vitalu, zigawanywe kwa makundi yote manne. Tumeona mahali pengi kwamba watu waliopanda pamoja hugombana kwa maneno, wala hawashiki panga.

Daftari la mto

Mwisho, jambo ambalo familia zinaweza kuanza wiki hii bila kungojea Kinshasa. Chagueni mahali pawili: moja juu ya kiwanda au mahali pa kuoshea mawe, na jingine chini yake. Kila wiki, siku ileile, watu wawili wa makundi tofauti waende pamoja. Waandike katika daftari tarehe, saa, rangi ya maji, harufu, kama kuna samaki waliokufa, kama mvua ilinyesha jana. Karatasi za kupimia pH hazina bei kubwa. Walimu wa kemia wa shule za sekondari wanajua kuzitumia, na wanafunzi wanafurahi kusaidia. Kipimo kikishuka chini ya 5, msiguse maji, pigeni picha, na mpeleke habari siku hiyo hiyo kwa mkuu wa mtaa na kwa huduma ya mazingira ya jimbo, mkibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Maji ya kupeleka maabara yachotwe katika chupa safi iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale, mbele ya mashahidi, na chupa mbili zijazwe kwa pamoja: moja iende kupimwa, nyingine ifungwe na kutunzwa mahali baridi na mtu ambaye pande zote zinamwamini. Siku matokeo yakibishaniwa, chupa ya pili itafunguliwa mbele ya wote.

Daftari lisitunzwe na mtu mmoja. Likae kwa mama mmoja mwezi huu na kwa krezeri mwezi ujao.